Jicho la mkufunzi na fomu ya ofisa mwanafunzi

Taarifa za mwanzo kabisa kuhusu maofisa wa jeshi la Marekani hazikuwa na alama wala visanduku. Mwaka 1813 Jenerali Lewis Cass aliwaeleza maofisa wake kwa maneno makavu: huyu mwema, yule laghai anayedharauliwa na wote. Ilitosha, kwa kuwa aliwajua mmoja mmoja.

Tarakimu aliziingiza Sylvanus Thayer, aliyekabidhiwa chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1817. Chini yake wanafunzi walipewa alama karibu kila siku, makosa ya nidhamu yakahesabiwa, na mwisho wa kozi kila mmoja akajua nafasi yake. Robert E. Lee alimaliza wa pili mwaka 1829, bila kosa hata moja kwenye daftari. Ulysses Grant alimaliza wa 21 kati ya 39 mwaka 1843. Mwaka 1865, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ni Lee aliyesalimu amri kwa Grant.

Vita Kuu ya Kwanza ilipohitaji maofisa kwa maelfu, mwanasaikolojia Walter Dill Scott alibuni kipimo cha kumlinganisha mtahiniwa na maofisa halisi ambao mkadiriaji anawafahamu, kuanzia bora hadi dhaifu. Wazo zuri. Lakini mwaka 1920 Edward Thorndike alichapisha uchambuzi wa tathmini za jeshini, zikiwemo za wanafunzi 137 wa urubani. Makamanda walikuwa wametakiwa kupima kila sifa peke yake: umbo, akili, uongozi, tabia. Hawakuweza. Aliyepata alama nzuri za umbo alielekea kupata nzuri za uongozi na hata za tabia, kana kwamba mabega mapana yanathibitisha uaminifu. Kwa maoni yangu, hakuna ugunduzi mzito zaidi katika historia nzima ya fomu hizi.

Tiba zilijaribiwa. Kuanzia 1942 bodi za Uingereza za kuchagua maofisa ziliwavisha watahiniwa namba badala ya majina, zikawapa kazi ya pamoja bila kuteua kiongozi, kisha zikatazama nani anajitokeza. Mwaka 1947 Wamarekani walileta fomu iliyomlazimisha mkadiriaji kuchagua kati ya sentensi zinazofanana kwa uzuri, asijue ipi ina alama. Maofisa waliichukia, maana nani hupenda kutia saini hukumu asiyoielewa? Haikudumu.

Afrika Mashariki tatizo la Thorndike lilivaa sare ya Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza. Idi Amin, aliyejiunga mwaka 1946, alikuwa jitu la miraba minne na bingwa wa ndondi Uganda kwa miaka mingi. Wakubwa wake Waingereza walisifu nguvu na utii wake, huku wakikiri kwamba shule aliigusa tu. Uhuru ulikaribia, Waafrika wenye kamisheni hawakuwepo, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kufanywa maluteni. Mwaka uliofuata kikosi chake kilituhumiwa kuua raia huko Turkana, Kenya. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alitaka afikishwe mahakama ya kijeshi. Waziri Mkuu Milton Obote akaona onyo linatosha. Mwaka huohuo Amin alipandishwa kuwa kapteni, na 1963 akawa meja.