Kutoka Helwan hadi El Marg

Njia ya kwanza ya metro ya Cairo ilifunguliwa Septemba 1987, na ndiyo treni ya kwanza ya chini ya ardhi barani Afrika. Reli yenyewe, hata hivyo, ina umri mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1870, zama za Khedivu Ismail, ilitandazwa reli ya kwenda Helwan, kusini mwa jiji, walikokwenda wenye nazo kuoga maji ya chemchemi yenye kiberiti. Kaskazini ilikuwepo reli nyingine, ya El Marg. Zilikuwa hazikutani. Mafundi wa Misri na Ufaransa wakaziunga kwa handaki, na upande wa kaskazini ukaingia mwaka 1989. Kati ya kilomita 44 za njia nzima, handaki ni kama 4 na nusu tu. Kwingine kote treni inakwenda juani kama treni yoyote.

Lakini kisa chote kimo humo handakini. Ukitokea kusini unaipita Mar Girgis, penye makanisa ya kale ya Wakopti, kisha Sayyida Zeinab, halafu treni inazama. Inakuja stesheni ya Saad Zaghloul, wa mapinduzi ya 1919. Inafuata Sadat, chini ya uwanja wa Tahrir, Nasser, Orabi, mwanajeshi aliyeinuka kabla Waingereza hawajaivamia nchi mwaka 1882, na ya tano, chini ya uwanja wa Ramses, Mubarak. Wanne hao walikuwa marehemu. Wa tano alipewa stesheni akiwa hai, tena yuko kitini, akiwa rais wa nchi.

Alipong'oka Februari 2011, abiria hawakungoja barua ya serikali. Kwenye ramani zilizobandikwa ndani ya mabehewa walilikwaruza jina lake, wakaandika kwa mkono: Shohadaa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Ni mashahidi wale wale, waliouawa katika maandamano ya kumng'oa. Serikali ikafuata nyuma.

Sadat nayo ilionja. Ilifungwa Agosti 2013, na hadi Juni 2015 treni zikawa zinaipita bila kusimama. Mwenye shughuli Tahrir alishuka stesheni ya jirani, akamalizia kwa miguu.

Mubarak alifariki Februari 2020. Stesheni haikurudishiwa jina lake.