Mawe ya St Albans: abate, kinu na unga wa maskini

Katika parokia moja nilipokuwa vikari, misioni ilikuwa na mashini ya kusaga. Faida yake ililipa mazutu ya gari, chaki ya masomo, na kidogo kidogo mabati ya kanisa. Wamama walikuja toka asubuhi na mihogo na mihindi kichwani, walipanga mstari, walilipa, kisha walirudi nyumbani kupika bukari.

Basi fundi mmoja wa kijiji, Mkristu mwema, akajitengenezea mashini yake mwenyewe. Alitwaa pipa kuukuu la chuma. Alikata vipande vya resori ya gari vikawa sawa nyundo ndogo, akavifunga kwenye chuma chenye kuzunguka ndani ya pipa. Chini akaweka bati alilolitoboa kwa msumari, liwe chujio. Moteri ya zamani ilizungusha vyote kwa mkanda. Unga wake haukuwa laini kama wetu, lakini bei yake ilikuwa nusu ya bei yetu. Nyuma ya majuma machache, mstari wa misioni ukawa mfupi sana.

Wazee wa baraza la parokia walinijia jioni. Walisema: «Padri, utangaze siku ya Mungu kwamba Wakristu wasage kwa misioni tu. Mashini ile ni ya Kanisa. Mwenye kwenda kwa fundi anaibia kanisa mabati yake.» Niliwajibu kwamba nitafikiri. Usiku ule nilikumbuka habari moja tuliyofundishwa katika Historia ya Kanisa, nami nataka kuwaeleza ninyi, mapadri, mafrateri na wakatekista, kwa maana inatugusa.

1. Jiwe la mkono

Mbele ya mashini zote watu walisaga kwa mikono. Wamama wetu wamezoea kinu cha mti na mchi. Katika inchi za ngano na shairi walitumia mawe mawili ya duara, moja juu ya jingine. Mtu maskini aliweza kujitengenezea mawe hayo, au kuyanunua kwa bei ndogo. Alichagua jiwe gumu lisilotoa mchanga. Jiwe la chini alilichonga liinuke kidogo katikati, na lile la juu liwe na tumbo kidogo, ili unga ushuke wenyewe kufika ukingoni. Katikati ya jiwe la chini alisimamisha msumari mnene wa chuma au wa mti. Jiwe la juu alilitoboa tundu, mahali pa kumimina ngano, na karibu na ukingo alichomeka kijiti cha kushikia. Kisha alichora mifereji midogo kwa patasi, kwa sababu jiwe likiwa laini halisagi tena.

Mawe yaliyosifiwa zaidi yalitoka katika inchi ya Wadachi, upande wa Mayen. Yalikuwa mawe ya volkano, yenye matundu madogo, ya namna moja na yale ya Goma ambayo watu wanayajengea kuta zao. Jiwe la namna ile likilika linafungua matundu mapya, nalo linabaki kali. Wachuuzi waliyapeleka kwa mashua hata Uingereza.

Kazi hiyo ilikuwa nzito. Katika Maandiko, Wafilisti walipotaka kumshusha Samsoni walimfunga gerezani asage. Lakini jiwe la mkono lilikuwa na sifa moja kubwa: lilikuwa la mwenye nyumba. Ndiyo sababu Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Sheria 24:6, inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani. Anayelitwaa anatwaa uzima wa mtu.

2. Kinu cha maji

Waroma walijua kinu cha maji toka zamani. Vitruvius alikieleza katika kitabu chake mbele ya kuzaliwa kwa Kristu. Wamonaki ni kati ya watu waliokieneza sana katika Ulaya. Benedikto Mtakatifu, katika sura ya 66 ya Sheria yake, anataka monasteri iwe na maji, kinu na bustani ndani ya ukuta wake, ili mmonaki asizungukezunguke inje. Katika mwaka wa 1086, mfalme wa Uingereza alipoandikisha mali yote ya inchi yake, walihesabu vinu karibu 6,000.

Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Mto ulifanya kazi ya mikono mingi, na mwanamke aliyesaga toka usiku aliweza kupumzika. Lakini kinu cha maji kinataka feza nyingi: boma la kuzuia maji, mfereji, gurudumu kubwa, mawe mazito, na msagaji wa kukichunga. Maskini hawezi. Bwana wa inchi alikijenga, naye alitaka feza zake zirudi. Akawaamuru watu wake wote wasage kwake tu, na kila mtu aache fungu la unga. Fungu lile lilikuwa mara nyingi 1/16 au 1/24, kwa desturi ya mahali. Na ili mtu asikwepe, jiwe la mkono likakatazwa. Mabwana hao walikuwa wakubwa wa dunia, tena walikuwa maabate pia.

3. Abate na raia wake

St Albans ni mji wa Uingereza, upande wa kaskazini wa London, na monasteri yake ya Wabenediktini ilikuwa kati ya zile kubwa za inchi. Mji wote ulikuwa chini ya abate. Toka karne ya 13 watu walinungunika na kugombana naye juu ya vinu. Mwaka wa 1327, wakati mfalme Edward II alipoondoshwa na inchi ilikuwa katika fujo, wenyeji walizunguka monasteri kwa silaha, wakamshurutisha abate Hugh awape hati ya uhuru. Mara moja mawe ya mkono yakazunguka katika nyumba zao bila kujificha.

Abate Hugh akafa mwaka uleule, na wamonaki wakamchagua Richard wa Wallingford. Ndugu, mtu huyu hakuwa mnyanganyi. Alikuwa mwana wa fundi wa chuma. Baba yake alikufa Richard akiwa mtoto wa miaka kama kumi, na mkubwa wa monasteri ya Wallingford akamtunza na kumpeleka masomoni Oxford. Akawa kati ya wenye hesabu wakubwa wa wakati wake. Alibuni saa ya ajabu ya magurudumu, iliyoonyesha mwendo wa jua na wa mwezi. Mfalme Edward III alipofika na kumlaumu kwamba anajenga saa na kanisa limebomoka, abate akamjibu kwamba wengine nyuma yake wataweza kutengeneza kanisa, lakini saa ile hakuna atakayeweza kuimaliza. Tena alikuwa na ukoma, naye aliongoza nyumba yake katika mateso hayo mpaka kufa kwake mwaka wa 1336.

Alikuta monasteri yenye madeni. Sehemu ya kanisa ilikuwa imeanguka mwaka wa 1323. Mapato ya vinu yalikuwa haki ya nyumba yake, na sheria ya inchi ilikuwa upande wake. Basi aliwashitaki wenyeji, akashinda. Kufika mwaka wa 1331 walirudisha hati yao, na mawe ya mkono yakachukuliwa toka nyumba moja mpaka nyingine, yakaletwa monasteri. Abate akaamuru yatandikwe chini katika chumba cha maongezi, yawe sakafu.

Hebu tuone jambo hili kwa macho ya mwanamke wa St Albans. Jiwe alilolizungusha mama yake, lililolisha watoto wake, sasa watu wa Mungu wanalikanyaga wakienda kuongea na wageni. Tena aliyeamuru hivyo ni mtoto wa fundi, mtu aliyependa magurudumu kupita wote. Alijua kutengeneza mashini ya kuonyesha njia ya nyota, asione mashini ndogo ya maskini ilivyo na thamani.

4. Mkate uliobarikiwa

Miaka hamsini ikapita. Abate Richard alikuwa kaburini zamani. Mwezi wa Juni 1381, wakulima na watu wadogo wa Uingereza waliasi juu ya kodi na utumwa wa mashamba. Katika St Albans aliyewaongoza alikuwa William Grindcobbe, mtu aliyelelewa na kufundishwa na wamonaki wenyewe. Abate wa wakati ule, Thomas de la Mare, alilazimishwa kutia sahihi.

Lakini watu walikuwa na haja nyingine pia. Waliingia chumba cha maongezi, wakang'oa mawe yale, wakayavunja, na kila mtu akapewa kipande cha kupeleka nyumbani. Aliyetuandikia habari hii ni Thomas Walsingham, mmonaki wa St Albans, adui wa waasi. Anasema waligawanya vipande vile kama vile mkate uliobarikiwa unavyogawanywa siku ya Mungu katika parokia. Mwanahistoria wa Ufaransa Marc Bloch alikumbusha habari hii mwaka wa 1935, katika makala yake juu ya kinu cha maji.

Mimi sijui kusoma maneno yale bila kuona haya. Watu hawa walibatizwa, walijua desturi za Kanisa. Walipotaka kuonyesha umoja wao, walitwaa alama waliyoipokea kwa Kanisa lenyewe, wakaitumia juu ya Kanisa.

Mwisho wake ulikuwa damu. Mwezi wa Julai mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, alifika St Albans. Padri John Ball, mmoja wa wahubiri wa uasi, aliuawa pale. William Grindcobbe akanyongwa pia. Hati zikafutwa. Monasteri ilishinda tena mbele ya sheria. Mwaka wa 1539 mfalme Henry VIII aliifunga. Saa ya abate Richard imepotea, tumebakiwa na maandishi yake tu.

5. Fundisho kwetu

Wengine watasema: basi Kanisa lisiwe na mashini. Sivyo. Kinu cha Benedikto Mtakatifu kilikuwa neema, na mashini ya misioni inaponya migongo ya wamama. Wala abate hakufanya zambi kwa kutaka kanisa lisimame. Kosa liliingia mahali padogo sana: pale mkono uliotoa kinu kizuri ulipokataza jiwe lisilo zuri. Toka siku ile kinu hakikuwa tena msaada, kilikuwa kodi. Mtu anayekuja kwetu kwa kupenda anashukuru. Yuleyule, akikosa njia nyingine, ananungunika, hata kama unga ni mmoja na bei ni moja.

Tena tuangalie vema: aliyefanya hivyo hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa maskini aliyesomeshwa na Kanisa. Sisi pia ni watoto wa wamama waliotwanga. Hatari ya kusahau si ya Wazungu wa zamani tu.

Siku ya Mungu ile nilihubiri Injili ya siku, wala sikutaja mashini. Juma lililofuata nilienda kwa fundi na debe la mihindi yangu. Alitetemeka kidogo aliponiona. Nilimwomba anieleze kazi yake, akanionyesha mahali nyundo zinapolika upesi na namna anavyozigeuza zitumike upande wa pili. Wazee wetu walikasirika. Tulishusha bei ya misioni, na wamama wengine walirudi kwa sababu ya unga laini, wengine hawakurudi. Mabati ya kanisa yalichelewa mwaka mmoja zaidi, na katika mvua za mwaka ule tuliloana pamoja wakati wa Misa, mimi, wazee, wamama na fundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa maana kila mtu alijua.