Vinyago vya Leningrad Vilivyopata Jukwaa Glasgow

Eduard Bersudsky alizaliwa Leningrad mwaka 1939, na sanaa hakuisomea chuoni. Aliwahi kuwa fundi wa vyuma, fundi umeme, nahodha wa tishari na mlinzi wa usiku. Kuchora na kuchonga alijifunza katika madarasa ya jioni. Miaka ya 1970 alishiriki maonyesho ya wasanii waliokataa mtindo uliotakiwa na dola ya Kisovieti. Riziki ilimpeleka kwenye bustani za mji, akichonga magogo makubwa kuwa sanamu za watoto kuchezea.

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine. Katika chumba chake, ndani ya nyumba ambayo familia kadhaa zilitumia jiko moja, alianza kuunda alivyoviita kinemati: vinyago vidogo vya mbao vilivyofungwa kwenye magurudumu, minyororo na vyuma chakavu, vikiendeshwa kwa mota ya umeme. Gurudumu huvuta gurudumu, mkono ukainuka, kengele ikalia. Kimojawapo, Singer Circus, kimejengwa juu ya cherehani kuukuu. Katika kingine, Karl Marx ndiye anayezungusha mpini wa mtambo mzima. Hilo lilikuwa jambo zito kulitamka katika nchi ile, na Bersudsky alilitamka bila kufungua kinywa.

Waliobahatika kuviona walikuwa wachache, hadi alipokutana na Tatyana Jakovskaya mwaka 1988. Mama huyu alikuwa mhakiki na mwongozaji wa tamthilia, na nadhani bila yeye vinyago vile vingebaki vimebanana chumbani. Alivitazama akaona waigizaji. Kila kimoja kikapewa zamu yake, muziki wake na mwanga wake, vingine vikisubiri gizani. Mwaka 1989 wakaanzisha ukumbi wa maonyesho ya vinyago hivyo, wakauita Sharmanka, jina la Kirusi la kinanda cha mitaani kinachopigwa kwa kuzungusha mpini.

Muungano wa Kisovieti ulisambaratika mwaka 1991, maisha yakawa magumu. Mkono wa msaada ulitoka Uskoti. Tim Stead, mchongaji na fundi samani wa kijiji cha Blainslie, akawa rafiki yao. Julian Spalding, aliyeongoza makumbusho ya Glasgow, akanunua kinemati tatu kwa ajili ya mji huo. Katikati ya miaka ya 1990 Sharmanka ikahamia Glasgow moja kwa moja. Sergey Jakovsky, mwana wa Tatyana, alishika taa na sauti, na vivuli vya vinyago vikawa vinacheza ukutani vikubwa kuliko vinyago vyenyewe.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni Saa ya Milenia iliyoko Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Bersudsky aliijenga pamoja na Stead, msanii wa vioo Annica Sandström na fundi saa Jürgen Tübbecke. Inapita mita 10 kwa urefu, na ilianza kazi siku ya kwanza ya mwaka 2000. Haikujengwa kushangilia. Ndani yake wamo Lenin, Stalin na Hitler, pamoja na watu walioteseka katika karne ya 20. Kileleni mwanamke amebeba maiti ya mwanamume. Stead alifariki mwaka huohuo.

Huko Glasgow, Sharmanka ilihamia jengo la Trongate 103 mwaka 2009. Msomaji uliye Uskoti, nenda na watoto, lakini wewe usiwe msindikizaji tu: wao watafurahia magurudumu, wewe tazama nyuso zilizochongwa.