Safura, Uchu na Usalama wa Chakula: Historia ya Maneno Yanayomhusu Mama Mja Mzito

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri na watumishi wa Serikali mara kwa mara ni matini za afya ya mama na mtoto. Kwa juujuu kazi hizi huonekana nyepesi, kwa kuwa mambo yanayosemwa humo ni ya jikoni na ya nyumbani. Lakini ukweli ni kinyume. Maneno ya jikoni ndiyo yenye historia ndefu, na neno lenye historia ndefu huchukua maana moja hapa na maana nyingine kule. Katika makala hii tunakusudia kufuatilia maneno machache yanayohusu chakula katika miezi ya mwanzo ya mimba: yale anayoyatamani mama, yale yanayomchafua moyo, na yale yanayoweza kumdhuru. Mfano wetu utakuwa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, na hasa kata ya Nyakitonto iliyo katika Wilaya ya Kasulu.

Tumechagua mahali hapo kwa sababu. Wenyeji wa huko ni Waha, wakulima wa mahindi, maharage, mihogo na ndizi, na lugha yao ya nyumbani ni Kiha, ndugu wa karibu wa Kirundi. Muuguzi wa zahanati aghalabu ametoka mkoa mwingine na hufanya kazi kwa Kiswahili. Kitabu anachokitumia kimeandikwa kwa Kiswahili, nacho mara nyingi kimetokana na matini ya Kiingereza. Basi shauri moja kuhusu chakula hupita katika lugha tatu kabla halijamfikia mama anayehusika. Penye njia ndefu kama hiyo, neno likiteleza mara moja halirudi mahali pake kwa urahisi.

Tuanze na mimba yenyewe. Waha, kama jirani zao Warundi, hutumia neno inda kwa maana ya tumbo na pia kwa maana ya mimba. Kiswahili nacho kina neno inda, lakini maana yake ni chuki au roho mbaya, na kumfanyia mtu inda ni kumtendea kwa husuda. Mgeni asiyejua Kiha akisikia kwamba mama fulani ana inda, anaweza kumdhania ubaya mtu asiye na kosa. Kiswahili kwa upande wake kina maneno kadhaa ya hali hii. Mimba ni neno la wote, tena hutumika hata kwa mnyama na kwa mpunga unaokaribia kutoa masuke. Himila limetoka katika Kiarabu na lina maana ya mzigo unaochukuliwa. Mja mzito ni msemo wa heshima, na ndio uliozoeleka katika maandishi ya Serikali, ingawa siku hizi huandikwa kama neno moja. Hapa hapana tatizo kubwa. Mfasiri anachohitaji ni kuchagua kwa kuangalia adabu ya mahali.

Tatizo huanza tunapofika kwenye hamu ya chakula. Jambo lenyewe ni la kale sana. Soranus wa Ephesus, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliandika kwamba karibu na siku ya 40 ya mimba wanawake wengi huchafukwa na tumbo na kutamani vitu visivyo vya kawaida, kama udongo, makaa na matunda mabichi yenye ukali. Hali hiyo Wayunani waliiita kwa jina la ndege mmoja wa jamii ya kunguru, na Walatini wakafuata mfano huo kwa kuiita pica, jina la ndege yuleyule kwa lugha yao. Istilahi hiyo ya Kilatini ndiyo inayotumiwa na matabibu mpaka leo kwa tabia ya kula vitu visivyo chakula. Waarabu nao wana neno moja mahsusi, wihamu, kwa hamu za mja mzito.

Je, sisi tuna nini? Tuna uchu, ambalo hutaja hamu kali ya kitu, hasa chakula. Tuna hamu, ambalo ni pana na halina lawama. Tuna tamaa, ambalo limekwisha kuchukua harufu ya dhambi. Tuna uroho na ulafi, ambayo ni matusi. Mfasiri asiyechagua kwa uangalifu anaweza kuandika kwamba mama mja mzito huwa na tamaa ya vyakula, na msomaji akaelewa kwamba mama huyo anaonywa juu ya tabia yake. Wengine wamejaribu kulichukua neno la Kilatini na kuliandika pika. Tunaona kwamba njia hiyo haifai. Pika kwa Mswahili ni amri ya kwenda jikoni, na kulitumia kwa vitu vinavyoliwa bila kupikwa ni kumchanganya msomaji bure.

Neno lililobeba jambo hili kwa muda mrefu zaidi katika Kiswahili ni safura. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya umanjano, na kwa hiyo linaeleza sura ya mgonjwa aliyepauka. David Livingstone alilikuta neno hili na kuliandika katika shajara zake zilizochapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake. Alikuwa Manyema mwaka 1870, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule kule ambako misafara ya Ujiji ilikuwa ikienda. Alieleza kwamba safura ni jina linalotumika Unguja kwa ugonjwa wa kula udongo. Kwamba huwapata watumwa, lakini pia matajiri wenye chakula cha kutosha. Kwamba miguu huvimba, mwili hukonda na pumzi hukatika. Alitaja pia namna ya kuutambua: ukucha hubonyezwa, na damu isipoonekana chini yake, hiyo ni safura. Muuguzi wa leo anayegeuza ukope wa mama na kutazama kiganja chake anatafuta dalili ileile ya upungufu wa damu.

Tuangalie basi vitu vilivyokusanywa ndani ya neno hilo moja: tabia ya kula udongo, hali ya kupungukiwa na damu, na uvimbe wa mwili. Kwa tabibu wa kienyeji wa karne ya 19 haya yalikuwa mambo yanayoandamana, na kuyapa jina moja hakukuwa kosa. Lakini elimu ilisonga mbele. Mwaka 1838 Angelo Dubini wa Milan alimwona mnyoo mdogo anayenyonya damu ndani ya utumbo wa binadamu. Mwaka 1898 Arthur Looss, akifanya kazi Cairo, alitambua kwamba viluwiluwi vya mnyoo huyo hupenya katika ngozi ya mtu anayekanyaga udongo wenye kinyesi. Hivyo ikadhihirika kwamba ugonjwa mwingi uliodhaniwa kuletwa na udongo unaoliwa uliletwa hasa na udongo unaokanyagwa kwa miguu mitupu. Kiswahili hakikulitupa neno lake. Vitabu vya afya vya shuleni vikaanza kumwita mdudu huyo mnyoo wa safura, na watu wengi wakalitumia safura kwa upungufu wowote wa damu.

Matokeo yake ni kwamba leo safura ni chanzo kwa mtu mmoja, ni dalili kwa mwingine, na kwa mzee wa pwani bado ni tabia. Tuseme kijitabu kinamwambia mama wa Nyakitonto kwamba kula udongo huleta safura. Akielewa minyoo, atadhani kwamba dawa ya minyoo aliyopewa kliniki imemwondolea hatari, na ataendelea kula. Akielewa upungufu wa damu, ataweza kuuliza kuhusu vidonge vya kuongeza damu. Maana ya pili ndiyo inayomfaa, lakini neno halimwelekezi huko.

Jambo hili si dogo wala si la zamani tu. Katika masoko mengi ya Tanzania Bara huuzwa vipande vya udongo uliofinyangwa na kukaushwa, ambavyo wanunuzi huviita pemba. Uchunguzi uliofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1998, uliona kwamba zaidi ya nusu ya waja wazito waliohojiwa kliniki walikuwa wakila udongo mara kwa mara. Huko Geita, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu yao wakifanya hivyo, tena katika nchi ya machimbo ya dhahabu ambako udongo unaweza kuwa na madini ya sumu kama risasi na aseniki. Kisiwani Pemba, kwa upande mwingine, uchunguzi wa mwaka 2010 uliona kwamba wanaotafuna mchele mbichi na vitu vya wanga vya namna hiyo ni wengi kuliko wala udongo. Wataalamu hawajakubaliana kama ulaji huo ndio unaopunguza damu, kwa kuwa udongo huweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, au kama mwili uliopungukiwa na chuma ndio unaozaa uchu huo. Kwa hiyo mfasiri asiandike sentensi inayokata shauri ambalo sayansi haijalikata.

Neno la pili lenye mashaka ni lile la kichefuchefu. Matini nyingi za kigeni hutaja ugonjwa wa asubuhi, na wako waliolifasiri hivyo neno kwa neno. Kiswahili kina kichefuchefu na kigegezi, na watu husema moyo unanichafuka. Hali hii huweza kuja asubuhi, mchana au usiku, na kwa wengi si ugonjwa. Mama anayetapika jioni akisoma juu ya ugonjwa wa asubuhi, atadhani hasemwi yeye. Yafaa tuandike kichefuchefu cha mimba, na kutapika kunakozidi mpaka mama hawezi kushika hata maji kuelezwe waziwazi kuwa ni jambo la kumpeleka kituo cha afya bila kuchelewa.

Neno la tatu ni usalama wa chakula, na hili tunaomba watumishi wa Serikali walitazame kwa makini. Katika maandishi ya kilimo, usalama wa chakula umetumika kwa miaka mingi kwa maana ya kuwa na akiba ya kutosha. Katika maandishi ya ukaguzi, ambao tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, usemi huohuo una maana ya chakula kisichodhuru. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Ghala la Kasulu linaweza kujaa mahindi na karanga, na kwa lugha ya kilimo kaya hiyo ikawa salama, huku nafaka yenyewe ikiwa imeota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu ambayo Kiswahili sasa kinaiita sumukuvu, istilahi iliyoundwa vizuri kwa kuwa inajieleza yenyewe. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa wilaya zilizoingizwa katika mradi wa Taifa wa kuidhibiti. Kwa mja mzito wasiwasi ni mkubwa zaidi, kwa kuwa sumukuvu huhusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kadhalika muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa sawasawa hubakiwa na sianidi, na maradhi ya kupooza miguu yaitwayo konzo, yaliyotokea Tarime mwaka 1985, huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Na maziwa yasiyochemshwa huweza kumpa mtu maradhi ambayo wafugaji huyaita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu ya yale yanayowapata ng'ombe wao. Jina hilo likiingizwa katika kijitabu cha akina mama bila maelezo, litaogofya kuliko kufundisha.

Historia yetu inatuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya mamilioni ya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu vyepesi. Lugha ya kampeni zile ilikuwa ni ya kueleza sababu kwanza, kisha kutoa shauri. Vijitabu vingi vya siku hizi huorodhesha makatazo tu: usile hiki, usile kile. Katika nchi ambayo wanawake wa sehemu nyingi walikwisha kukatazwa mayai kwa mila, katazo jipya lisilo na sababu huonekana kama mwiko mwingine tu, na husikilizwa au kupuuzwa kwa kipimo kilekile.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Uchu wa mimba utumike kwa hamu ya vyakula, na ulaji wa visivyo chakula kwa kile matabibu wanachokiita kwa jina la Kilatini. Udongo ukihusika, isemwe ulaji udongo. Upungufu wa damu utajwe kwa jina hilo, na safura ibaki katika mnyoo wa safura, isisimame peke yake. Usalama wa chakula uachiwe chakula kisichodhuru, na akiba ya kutosha iitwe uhakika wa chakula. Vidonge vya kuongeza damu vielezwe kwamba vina chuma na asidi ya foliki, na kwamba asidi hiyo hufanya kazi yake kubwa katika wiki nne za kwanza tangu mimba kutunga, wakati ambapo mama wengi hawajafika kliniki, na pengine hawajajua kwamba wana mimba. Shauri hili basi halina budi kuwafikia mapema, shuleni na katika mikutano ya vijiji.

Walimu na wauguzi walioko Kasulu na Kibondo wana nafasi ambayo mwandishi wa kamusi hana, yaani ya kusikia neno likitumika. Mapendekezo haya yajaribiwe huko kwanza, mbele ya akina mama wenyewe, na pale ambapo Kiha kina neno linalofaa kuliko yetu, wafasiri waletewe neno hilo walipime.