Petna Ndaliko Katondolo: mtoto wa Goma na picha za maisha ya kweli

Petna Ndaliko Katondolo ni mtengenezaji na mtayarishaji wa filamu, tena ni mwalimu. Alizaliwa Goma mwaka 1974. Kazi yake inazunguka swali moja: nani anachagua namna watu wa Kivu wanavyoonyeshwa? Kwa televizyo za inje, Goma inaonekana zaidi siku ya vita, ya wakimbizi ama ya volkano.

Mwaka 2000, wakati vita ingali inaendelea kwetu, alianzisha Yole!Africa kule Kampala. Kisha kazi hiyo ikaingia Goma, na vijana wakapata mahali pa kujifunza sinema, muziki na dansi. Mwaka 2005 akaanzisha festivali ya filamu ya Salaam Kivu, inayojulikana kama SKIFF. Filamu zake mwenyewe anazitoa kupitia nyumba yake, Alkebu Film Productions.

Kwa filamu za aina hii, watu wanaonekana wenyewe, na sura zao na shida zao. Ndiyo maana mtayarishaji ana nguvu sana. Ni yeye anatafuta pesa, anachagua nani apigwe picha, anakubali kipi kibaki na kipi kikatwe. Mtu anaweza kuongea saa moja mbele ya kamera, halafu ibaki dakika moja tu: ile alipolia.

Mara nyingi huku kwetu anayelipa video ni ONG, na anayelipa anataka picha za kuomba msaada. Chérie Rivers Ndaliko, aliyefanya kazi na Petna ndani ya Yole!Africa, aliandika juu ya jambo hilo katika kitabu Necessary Noise, kilichotoka mwaka 2016.

Filamu za Petna zinafuata njia ingine. Jazz Mama, ya mwaka 2010, inagusa ubakaji, lakini wanamuke ndani yake si wa kuhurumiwa tu: wana nguvu na wanasimama. Mabele na Biso, ya 2014, maana yake kwa Kilingala ni "udongo wetu". Inaenda Isangi, jimbo la Tshopo, kwa watu wanaotafuta kujitegemea. Kapita, ya 2020, inarudilia picha zilizopigwa wakati wa ukoloni ili kuzisoma upya. Kapita alikuwa msimamizi Mwafrika, aliyewasukuma wenzake kazini kwa amri ya mzungu.

Kwa mkaaji wa kartie, jambo hili si la wasanii peke yao. Mtu akija na kamera mlangoni, unaweza kumuuliza: nani anakulipa? Picha hizi zitaonyeshwa wapi? Nitaziona mbele hazijatoka? Kama majibu hayaeleweki, una haki ya kukataa.