Mahame yaliyomezwa na pori

Desemba 2018 kampuni ndogo ya mjini Malmö, Sweden, iitwayo The Bearded Ladies, ilitoa gemu ya Mutant Year Zero: Road to Eden. Katika gemu hiyo binadamu karibu wote wamekwisha kwa vita vya nyuklia na maradhi. Miti imefunika miji, na wanaopita magofuni ni bata na nguruwe wenye akili za kibinadamu, Dux na Bormin. Adui wamewazidi nguvu, kwa hiyo mchezaji hunyata. Huzima kurunzi, hujibanza kichakani, humvizia adui aliyejitenga na wenzake na kummaliza kwa silaha isiyo na kishindo. Akikurupuka, amekwisha.

Michezo ya kunyemelea ina umri wa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1981 Mmarekani Silas Warner alitoa Castle Wolfenstein, ambamo mfungwa anatoroka ngome ya Wanazi. Mwaka 1987 Hideo Kojima wa Japani akatoa Metal Gear. Kompyuta aliyotengenezea haikumudu kuonyesha askari na risasi nyingi kwa pamoja, naye akaamua shujaa wake ajifiche badala ya kupigana.

Lakini nchi iliyopoteza watu ikabaki na wanyama haikuanzia kwenye kioo cha kompyuta. Msomaji wa Tunduru anaishi kando yake.

Julai 1905 Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani vililipuka katika vilima vya Umatumbi na kuenea upesi hadi Ungoni. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge wakiwa wazi, na bunduki za mtombo zikawafyeka. Oktoba 21 Wajerumani waliishtukiza kambi ya Wangoni na kuitawanya. Baada ya hapo Wangoni waliacha mapambano ya uso kwa uso, wakashika maficho na kuvizia.

Jibu la Wajerumani lilikuwa njaa. Kapteni Wangenheim alimshauri Gavana von Götzen kwamba silaha peke yake hazitamaliza vita, na kwamba ukosefu wa chakula ndio utakaowalazimisha watu kusalimu amri. Vijiji vikachomwa, maghala yakateketezwa, mazao yakaharibiwa shambani. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama, walinyongwa Songea. Siku chache baadaye akanyongwa Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona kwamba waliokufa, pamoja na waliouawa na njaa, walifika kati ya 250,000 na 300,000.

Mara nyingi tunapolisimulia jambo hili tunaishia kwenye vitanzi, na naona hapo tunakosea, kwa sababu kilichofuata kilidumu zaidi. Mkulima wa kusini aliweza kuishi na wanyama kwa sababu alikuwa na majirani. Walifyeka pamoja, walichoma vichaka, walilala kwenye madungu kulinda mahindi. Watu walipopungua, hakukuwa na wa kukaa dunguni. Nguruwe na tembo wakala mashamba, waliosalia wakashindwa na kuhama, na kila aliyeondoka aliliongezea pori nafasi. Miombo ikarudi, mbung'o wakaja nayo, na mbung'o wakaleta malale.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliikuta hivyo. Mwaka 1922 walianzisha Pori la Akiba la Selous, kwa jina la mwindaji Frederick Selous aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa magharibi ya Liwale, ikitaja malale na tembo, na pori likapanuliwa hadi kufikia takriban kilomita za mraba 50,000. UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Wageni huliita nyika isiyoguswa na mtu. Neno hilo linawafuta waliozaliwa humo, wakalima humo na kuzikwa humo, na sioni sababu ya sisi kulirudia.

Wanyama nao hawakupata amani. Hesabu ya 1976 ilionyesha tembo wapatao 109,000 katika mfumo wa ikolojia wa Selous. Ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu, wengi wakiwa wamemalizwa na majangili. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Tunduru na Namtumbo zinashika ushoroba unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Vijiji vimetenga ardhi kwa ajili hiyo kupitia jumuiya za hifadhi za wanyamapori kama Nalika na Chingoli. Tembo hupita humo na kuvuka Mto Ruvuma bila kujali mpaka. Karibu na makazi hutembea zaidi usiku, kwa kuwa wamejifunza kumkwepa binadamu, na ekari ya mahindi huweza kwisha kabla mwenyewe hajaamka. Mtaalamu wa gemu akitaka kujua kunyata ni nini, aje awaulize wanaolala dunguni huku. Gemu ya Malmö inatumia magofu ya Sweden. Mahame yetu yana majina ya koo, na wazee wanaoyakumbuka bado wapo wa kuulizwa.