Mshipa upi, Daktari? Historia ya damu katika ini lililojeruhiwa

Majuzi alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni daktari wa upasuaji. Baada ya salamu akasema, "Mwalimu, leo Kiswahili kimenishinda." Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amegongana na lori, ini likapasuka. Madaktari walimpasua, wakabana mshipa unaopeleka damu kwenye ini, wakashona palipochanika. Alipotoka kumweleza mamake kijana, mama akamtupia swali moja tu: "Mkibana mshipa wa damu, ini la mwanangu litaishi vipi?"

Daktari alijua jibu. Alichokosa ni maneno. Nami nilipokaa kumtafutia maneno hayo, niligundua kwamba swali la mama yule limewasumbua wataalamu kwa karne kadhaa.

Tuanze na lugha. Mswahili aliyeumizwa na maneno husema amekatwa maini. Wahenga walijua kwamba jeraha la ini si jeraha la mchezo. Lakini neno tulilo nalo la kueleza damu inavyoingia na kutoka humo, yaani mshipa, limebebeshwa mzigo mkubwa. Mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni, na pia njia ya damu irudiyo moyoni. Kuna mshipa wa fahamu, na kuna mshipa ambao ni maradhi ya ngiri. Vitabu vya sayansi vimejaribu kututoa katika msongamano huo kwa kutumia ateri kwa damu itokayo moyoni na vena kwa damu irudiyo. Wengi wetu tuliyaacha maneno hayo darasani.

Tusijilaumu sana, maana hata magwiji wa kale walichanganya mambo. Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alifundisha kwamba ini ndilo kiwanda cha damu: chakula hufika humo, kikageuzwa damu, ikasambazwa mwilini kupitia vena na kutumika ikaisha. Fundisho hilo lilitawala kwa zaidi ya miaka 1,300. Mnamo 1628 Mwingereza William Harvey akathibitisha kwamba damu ni ile ile, inazunguka, na inayoisukuma ni moyo. Ini likavuliwa ufalme. Thomas Bartholin wa Denmark hata aliliandikia ini maandishi ya kaburini, kana kwamba limekufa! Lakini Mwingereza mwingine, Francis Glisson, hakulizika. Katika kitabu chake cha 1654 alieleza ala inayofunga pamoja njia zinazoingia kwenye ini. Shikilia hapo, msomaji, tutarudi kwenye fungu hilo.

Ndani ya fungu hilo mna njia mbili za damu. Moja ni ateri ya ini, inayoleta damu mbichi yenye oksijeni tele. Nyingine ni vena ya lango, inayokusanya damu iliyokwisha kupita kwenye utumbo na wengu, ikaja imebeba lishe. Kwa kawaida vena hiyo huleta takriban robo tatu ya damu yote ya ini, na ateri robo iliyobaki. Hata hivyo, katika oksijeni zinakaribia kugawana nusu kwa nusu. Kiungo kinachonyweshwa na mikondo miwili namna hii, kikichanika, humwaga damu mithili ya bomba lililopasuka.

Ndivyo alivyoona James Hogarth Pringle, daktari wa upasuaji wa Glasgow, Uskoti. Mwaka wa 1908 alichapisha taarifa fupi kuhusu wagonjwa wanane waliojeruhiwa ini. Wanne kati yao aliwapasua, na hakuna hata mmoja aliyepona. Mwingine angeficha matokeo ya aina hiyo. Pringle aliyaandika, kwa sababu alikuwa ameona jambo: ukilishika lile fungu la Glisson kati ya kidole gumba na vidole vingine, ukalibana, damu hupungua na daktari huweza kuona anachoshona. Aliijaribu njia hiyo kwa sungura, ikafaulu. Mbano wa Pringle unatumika hadi leo katika vyumba vya upasuaji, na ndio uliotumika kwa kijana wetu. Tena una faida ya pili: ukibana na damu isikome, daktari hujua kwamba huenda kilichochanika ni vena za nyuma ya ini, zile za kutokea.

Lakini swali la mama bado linasimama. Ini litaishi vipi?

Jibu lilianza kuchipuka mnamo 1911, pale Russell Burton-Opitz wa New York alipopima mikondo yote miwili katika wanyama. Aliona kwamba damu ya vena ya lango ikipungua, ile ya ateri huongezeka. Kumbe ndugu hawa wawili husaidiana! Ila msaada huo ni wa upande mmoja. Ini halina uwezo wa kuiamuru vena ya lango ilete zaidi, kwani kinachoingia humo kinategemea kilichotoka kwenye utumbo na wengu. Ini linachoweza kukitawala ni ateri yake.

Linaitawala vipi? Hapo ilibidi tungoje hadi miaka ya 1980. Mwanasayansi wa Kanada, W. Wayne Lautt, pamoja na wenzake, walitoa maelezo ambayo mkulima yeyote wa kando ya mto atayaelewa. Ini huzalisha bila kukoma kemikali iitwayo adenosini, karibu na ncha za ateri na vena. Vena ya lango ikitiririka vizuri, huizoa adenosini hiyo na kwenda nayo, kama mto ujaao unavyozoa majani. Mkondo ukipungua, adenosini hurundikana. Nayo kazi yake ni kuilegeza ateri, ikapanuka na kupitisha damu zaidi. Hufidia sehemu tu ya upungufu, lakini sehemu hiyo inaweza kuokoa.

Na mwili mzima ukivuja damu? Ini huwa ni akiba. Neva huziamuru vena zake zijikaze, na damu nyingi iliyotulia humo husukumwa kuelekea moyoni. Kiungo kilichosifiwa na Galen kwa kutengeneza damu, kumbe sifa yake halisi ni kuitoa wakati wa dhiki.

Sasa, mbano wa Pringle hufunga mikondo yote miwili kwa pamoja, kwa hiyo ndugu hawezi kumsaidia ndugu. Ndiyo maana daktari huhesabu dakika: kwa kawaida hubana 15 hadi 20, akaachia kama tano, kisha akabana tena ikibidi. Hatari haiishi anapoachia. Kandokando ya vijishipa vya ndani ya ini mna seli zenye umbo la nyota, ambazo ini likijeruhiwa zinaweza kujikaza na kuvibana, hata kama lango liko wazi. Karl von Kupffer alizieleza huko Ujerumani mwaka wa 1876, kisha mwenyewe akazichanganya na seli nyingine zilizo jirani. Mkanganyiko huo wa majina ulidumu hadi 1971, Kenjiro Wake wa Japani alipoutatua. Miongo mingi, kwa sababu vitu viwili vilibebeshwa jina moja!

Basi nilimpa mwanafunzi wangu maneno haya, naye akayapeleka kwa mama: "Mama, ini lina milango miwili ya damu, ateri na vena ya lango. Tulifunga yote miwili kwa dakika chache, tukafungua ini lipumue. Sasa yote iko wazi, na tunaangalia kama damu inafika hadi ndani." Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza ni lini watajua. Swali hilo, daktari aliniambia, lilimpa faraja: mama sasa alikuwa anangoja anachokielewa.

Kijana ameshatolewa chumba cha wagonjwa mahututi. Nasi walimu wa lugha tuna deni. Tukiendelea kuita kila kitu mshipa, tutawaacha akina mama kwenye viti vya kungojea wakiwa na hofu ambayo maneno mawili yangeipunguza.